Sukari imeshuka, kiuno je?

Na Mwandishi Wetu

*Mafuta ya tumboni hufanya mengi kuliko kubana nguo. Huichokoza kinga ya mwili mchana na usiku, huharibu kazi ya insulini na kuiumiza mishipa ya moyo. Bado wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili wanafuatilia namba moja tu.*

Siku ya kliniki ya kisukari huanza giza halijaisha vizuri. Wagonjwa hufika na njaa, kadi mkononi, chai na kipande cha muhogo vikisubiri mkobani hadi kipimo kipite. Muuguzi anawaamkia: shikamoo mama, shikamoo baba. Anafuta ncha ya kidole kwa pamba yenye spiriti, anachoma, anabinya. Tone la damu linanyonywa na kijiti cha kipimo, na sekunde chache baadaye namba inatokea kwenye kimashine.

Namba hiyo ndiyo habari ya asubuhi. "Leo umesoma ngapi?" ndilo swali la kwenye benchi. Mwenye 6.8 anapongezwa. Mwenye 14 anaanza kujieleza kabla hajaulizwa: kulikuwa na msiba, kulikuwa na harusi, dawa ziliisha.

Kisha dawa zinaandikwa, tarehe ya kurudi inapangwa, foleni inasogea. Pale wagonjwa wanapokuwa wengi na wauguzi wachache, kuna kipimo ambacho mara nyingi hurukwa, ingawa kifaa chake kinauzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ushonaji: mzunguko wa kiuno.

Kukiruka kuna gharama. Duniani, watu wenye kisukari aina ya pili hufa zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kuliko kwa sukari yenyewe. Na kwa wengi wao, njia ya kutoka kwenye kisukari hadi kwenye shambulio la moyo hupitia kiunoni.

Kutoka chini ya asilimia moja

Mwaka 1989 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Profesa Donald McLarty na wenzake, waliopima sukari katika vijiji sita vya Tanzania. Kati ya watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja kwa kila mia. Walikuwa asilimia 0.87.

Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulipima watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Safari hii asilimia 9.1 walikutwa na kisukari. Umri wa waliopimwa haulingani, na vijiji sita si nchi nzima, kwa hiyo namba hizo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Hata hivyo, mwelekeo wake hauna ubishi.

Miili nayo imebadilika. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa 2015-16 uliwakuta na uzito uliozidi au unene uliokithiri asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Nchini Kenya, utafiti kama huo wa mwaka 2014 ulipata asilimia 33.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika ukanda wake wa Afrika walikuwa wanaishi na kisukari, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakuwa wanajua.

Sababu zake tunaishi nazo. Sembe imechukua nafasi ya dona. Chipsi mayai zinapatikana kila kona hadi usiku wa manane. Safari iliyokuwa ya mguu sasa ni ya bodaboda. Chupa ya soda ya mililita 350 huweza kubeba gramu 37 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana iishie 25.

Mwili wa heshima

Kuna sababu nyingine isiyouzwa dukani. Kwetu mtu mnene amenawiri. Mwanamke akinenepa baada ya ndoa, watu husema anatunzwa. Mwanamume akiota kitambi, mambo yake yamejipa.

Kukonda nako kulipata jina baya. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda, akiwamo David Serwadda, waliandika kuhusu ugonjwa uliokuwa ukiwakondesha watu wa Rakai, ambao wenyeji waliuita Slim. Ulikuwa Ukimwi. Tangu hapo, katika familia nyingi za Afrika Mashariki, mtu akipungua ghafla watu hunong'ona.

Mgonjwa wa kisukari anayeambiwa apunguze kilo kumi hubeba mzigo huo kwenda nao nyumbani. Majirani watauliza anaumwa nini. Mtoa huduma anayempa ushauri wa lishe bila kuligusa hilo anamwachia nusu ya kazi.

> "Mtu akipungua ghafla watu hunong'ona. Ushauri wa lishe usiogusa jambo hilo humwachia mgonjwa nusu ya kazi."

Kinachotokea ndani ya kitambi

Kwa muda mrefu mafuta ya mwilini yalichukuliwa kuwa akiba tu, yakisubiri siku ya njaa. Picha hiyo ilianza kubadilika miaka ya 1990.

Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil, Narinder Shargill na Bruce Spiegelman, wakifanya kazi Boston nchini Marekani, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kwa wingi kemikali iitwayo TNF-alfa. Kemikali hiyo ilijulikana kama silaha ya kinga ya mwili dhidi ya maambukizi. Walipoizuia, insulini ya panya hao ilifanya kazi vizuri zaidi.

Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalieleza kitu kingine: kadiri mnyama au mtu anavyonenepa, ndivyo mafuta yake yanavyojaa makrofaji, zile chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa.

Zinafuata nini humo? Seli ya mafuta ina kikomo cha kutanuka. Ikijazwa kupita kiasi, hewa ya oksijeni haiifikii vizuri, inaumia, na nyingine hufa. Makrofaji hufika kufanya usafi, huizunguka seli iliyokufa na kumwaga kemikali za kuita wenzao. Mlo unaofuata unaleta mafuta mengine, na kazi haiishi.

Hali hiyo ndiyo madaktari huita mchochota. Ukijikata kidole utauona: wekundu, joto, maumivu, uvimbe, na baada ya siku chache umetulia. Ule wa ndani ya kitambi hauna homa wala maumivu. Ni mdogo, haukomi, na unaweza kwenda kwa miaka bila mwenyewe kuhisi chochote.

Mafuta yote hayalingani kwa madhara. Yale ya chini ya ngozi, mapajani na kwenye makalio, ni matulivu zaidi. Yaliyozunguka utumbo na yaliyojipenyeza kwenye ini ndiyo korofi. Damu inayotoka kwenye utumbo na mafuta yanayouzunguka hupitia kwanza kwenye ini, kwa hiyo ini hupokea moja kwa moja asidi za mafuta na kemikali za mchochota.

Kutoka kiunoni hadi moyoni

Ini likipokea shehena hiyo hufanya mambo matatu.

Kwanza, hupuuza amri ya insulini na kuendelea kumwaga sukari kwenye damu hata wakati mtu hajala. Ndiyo maana mgonjwa hushangaa kuamka na sukari ya juu ilhali alilala na njaa.

Pili, hutoa mafuta mengi ya aina ya traiglisaridi. Lehemu nzuri, HDL, hupungua, na lehemu mbaya, LDL, huwa katika chembe ndogo ndogo zinazopenya kwa urahisi kwenye kuta za mishipa.

Tatu, hutengeneza protini iitwayo CRP, ambayo iligunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Leo kipimo chake chenye usikivu mkubwa hutumika kukadiria hatari ya moyo. Chini ya miligramu 1 kwa lita hatari ni ndogo, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, zaidi ya 3 ni kubwa.

Kwenye mishipa, ngozi laini ya ndani ambayo kazi yake ni kuifanya itanuke na damu ipite bila kunata huanza kuchoka. Sukari nyingi huichubua. Presha, ambayo mara nyingi huambatana na unene, huisukuma. Lehemu mbaya hupenya, makrofaji huifuata na kuimeza hadi kufura, na taratibu utando wa mafuta hujengeka ukutani.

Mchochota hauishii kwenye kuujenga utando huo. Huulainisha pia. Siku utando unapopasuka, damu huganda juu yake, na damu ya mtu mwenye kisukari na unene huganda kwa wepesi zaidi kuliko ya wengine. Mshipa ukiziba moyoni ni shambulio la moyo. Ukiziba kwenye ubongo ni kiharusi.

Mwaka 1998 utafiti uliofanyika Finland na kuongozwa na Steven Haffner ulitikisa taaluma. Kwa miaka saba, watu wenye kisukari ambao hawakuwahi kupata shambulio la moyo walilipata kwa kiwango cha asilimia 20.2. Watu wasio na kisukari lakini waliokwisha kulipata mara moja walipata jingine kwa asilimia 18.8. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mwenye kisukari yuko katika hatari kubwa kiasi hicho, lakini somo la msingi limebaki: moyo wa mgonjwa wa kisukari usisubiri dalili ndipo utunzwe.

Dalili zenyewe hudanganya. Kisukari cha muda mrefu huua mishipa ya fahamu, na kama kinavyoleta ganzi miguuni, kinaweza kuondoa maumivu ya kifua. Mgonjwa huishiwa pumzi, hutoka jasho jingi, husikia kichefuchefu na uchovu usioelezeka. Nyumbani wataambizana ni vidonda vya tumbo au gesi, na saa za thamani zinapita.

Moto au moshi?

Hapa ndipo wataalamu walipogawanyika. Je, mchochota ndio moto unaounguza mishipa, au ni moshi tu unaotuonyesha kwamba kuna kitu kingine kinaungua?

Waliosema ni moshi walikuwa na hoja nzito. Tafiti za kijenetiki zilionyesha kwamba watu waliozaliwa na maumbile ya kuwa na CRP nyingi hawaugui moyo zaidi kwa sababu hiyo pekee. Kwa hiyo CRP yenyewe haionekani kuwa mkosaji.

Waliosema ni moto walielekeza kidole ngazi za juu, kwenye kemikali zinazoliamuru ini litengeneze CRP. Mwaka 2012 tafiti za kijenetiki zilionyesha kwamba watu ambao maumbile yao hupunguza nguvu ya kemikali iitwayo IL-6 hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko wengine.

Jibu kubwa zaidi lilitoka mwaka 2017 katika utafiti wa CANTOS, ulioongozwa na Paul Ridker wa Boston. Watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, na ambao CRP yao ilikuwa miligramu 2 kwa lita au zaidi, waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa sindano ya canakinumab, ambayo huzuia kemikali ya IL-1 beta na haigusi lehemu. Kwa waliopewa dozi ya miligramu 150, mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15.

Kwa mara ya kwanza ilithibitika kwamba kuutuliza mchochota peke yake kunaweza kuuokoa moyo. Lakini waliotumia sindano hiyo walikufa zaidi kwa maambukizi, kwa kuwa kinga iliyozuiwa ni ileile inayopigana na vijidudu. Katika nchi zenye kifua kikuu, onyo hilo lina uzito wake. Bei yake nayo ni ya juu mno.

Majaribio mengine yalitoa majibu yaliyopishana. Methotrexate, katika utafiti wa CIRT wa mwaka 2018 uliohusisha wagonjwa wa moyo wenye kisukari au dalili za kuelekea huko, haikusaidia. Colchicine, dawa ya zamani ya jongo, ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 31 katika utafiti wa mwaka 2020 wa Australia na Uholanzi. Mwaka 2024 utafiti mwingine mkubwa kwa watu waliotoka kupata shambulio la moyo haukuona faida hiyo.

Kwa hiyo mchochota ni sehemu ya moto. Ila hauzimwi kwa dawa yoyote ilimradi inatuliza mchochota.

Kambi ya sukari na kambi ya uzito

Wanaosema sukari kwanza hawasemi ovyo. Utafiti wa Uingereza wa UKPDS, uliochapishwa 1998, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari hupunguza kwa robo madhara ya mishipa midogo, yale yanayogusa macho na figo. Kwa wagonjwa wenye uzito mkubwa, metformin ilipunguza mashambulio ya moyo kwa asilimia 39. Kidonge hicho cha bei nafuu bado kinastahili heshima yake.

Lakini kuisukuma sukari chini kwa nguvu hakukuleta wokovu wa moyo uliotarajiwa. Utafiti wa ACCORD wa Marekani na Kanada, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulilazimika kusitisha mpango wake wa kushusha sukari kwa nguvu mwaka 2008. Vifo katika kundi hilo vilikuwa vimezidi vya wenzao kwa asilimia 22.

> "Kuisukuma sukari chini kwa nguvu hakukuleta wokovu wa moyo uliotarajiwa."

Wanaosema uzito kwanza nao wana ushahidi. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, ulioongozwa na Roy Taylor na Mike Lean, wagonjwa ambao kisukari chao hakikuzidi miaka sita walipewa mlo wa kalori zipatazo 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari isiyofika kiwango cha kisukari, bila dawa. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, walifika asilimia 86.

Moyo ukawa mkaidi zaidi. Utafiti wa Look AHEAD wa Marekani uliwafuatilia kwa karibu miaka kumi watu 5,145 wenye kisukari aina ya pili na uzito uliozidi. Waliofundishwa kula na kufanya mazoezi walipungua wastani wa asilimia 8.6 ya uzito katika mwaka wa kwanza, na CRP yao ilishuka kwa zaidi ya theluthi. Hata hivyo, mwaka 2012 utafiti ulisitishwa: mashambulio ya moyo na viharusi havikupungua kuliko kwa wenzao.

Uchambuzi wa baadaye ulitoa fununu. Waliopungua asilimia 10 au zaidi katika mwaka wa kwanza walikuwa na matukio machache ya moyo, pungufu kwa asilimia 21. Inaonekana moyo hudai upungufu mkubwa na unaodumu. Na wengi waliopungua katika utafiti ule walirudisha sehemu ya uzito wao.

Sindano mpya na bei yake

Tangu 2015 zimekuja dawa zinazogusa sukari na moyo kwa pamoja. Empagliflozin, kidonge kinachotoa sukari kwa njia ya mkojo, kilipunguza vifo vya moyo kwa asilimia 38 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Mwaka uliofuata liraglutide, sindano inayopunguza hamu ya kula, ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 13.

Mwaka 2023 utafiti wa SELECT uliwapa semaglutide watu wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa moyo, lakini wasio na kisukari. Matukio ya moyo yalipungua kwa asilimia 20, na CRP ikashuka sana.

Septemba 2025 WHO iliziingiza dawa za kundi la liraglutide na semaglutide kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili wenye unene uliokithiri na ugonjwa wa moyo au figo. Hataza za semaglutide zinaanza kufikia kikomo mwaka 2026 katika nchi kama India na China, na viwanda vya huko ndivyo vinavyotulisha dawa nyingi.

Kwa sasa, kwa mama lishe au dereva wa daladala, sindano hizo ni za kusikia tu. Kwenye foleni ileile ya asubuhi, vidonge vya kawaida vya presha vikikosekana dirishani, mgonjwa huambiwa akanunue nje. Serikali zinapojadili bima ya afya kwa wote, hapa pana swali la kujibiwa: je, kifurushi cha mgonjwa wa kisukari kitabeba moyo wake, au kitaishia kwenye sukari?

Na wasio na kitambi?

Ni kosa kudhani kisukari aina ya pili ni ugonjwa wa wanene pekee. Madaktari wa Afrika Mashariki huwaona wagonjwa wengi wembamba. Wapo wenye mwili wa kawaida kwa mizani lakini mafuta yamejificha kwenye ini na kongosho. Wapo ambao kongosho lao halina nguvu ya kutosha ya kutengeneza insulini.

Ndiyo maana mizani peke yake haitoshi. Watu wawili wenye uzito na urefu sawa wanaweza kutofautiana sana kiunoni. Utafiti mkubwa wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliofanyika katika nchi 52 chini ya Salim Yusuf, uliutaja unene wa tumboni miongoni mwa mambo tisa yanayoeleza sehemu kubwa ya mashambulio ya moyo duniani. Kisukari, presha, lehemu na sigara yalikuwa kwenye orodha hiyohiyo.

Na si vyema kukimbilia kupima CRP kwa kila mtu. Kwetu malaria, kifua kikuu, hata fizi zinazotoa damu hupandisha CRP. Ikizidi 10, daktari hutafuta kwanza maambukizi na kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Fizi zenyewe zinastahili kutazamwa: ugonjwa wa fizi na kisukari huchocheana, na kuzitibu husaidia kidogo hata sukari.

Somo kutoka Denmark

Kambi hizi zote zinakutana kwenye utafiti mdogo. Mwaka 1993 Kituo cha Kisukari cha Steno nchini Denmark kilianza kuwafuatilia wagonjwa 160 wa kisukari aina ya pili ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuvujisha protini. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walihudumiwa kwa kila upande: chakula, mazoezi, kuacha sigara, sukari, presha na lehemu, kila kimoja kikiwa na lengo lake.

Baada ya takriban miaka minane, kundi la pili lilikuwa na matukio ya moyo na mishipa yapatayo nusu ya wenzao. Walipohesabiwa tena baada ya miaka 21, walikuwa wameishi miaka 7.9 zaidi.

Jaribio lenyewe halikutumia sindano yoyote ya kupunguza uzito. Walitumia dawa ambazo leo hataza zake zimeisha na zinatengenezwa na viwanda vingi. Dawa za kushusha lehemu, statini, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2007, na zenyewe hupunguza mchochota pamoja na lehemu. Katika utafiti wa CARDS wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2004, atorvastatin ya miligramu 10 ilipunguza kwa asilimia 37 matukio ya moyo na mishipa kwa wagonjwa wa kisukari ambao hawakuwahi kuugua moyo.

> "Walitumia dawa ambazo leo hataza zake zimeisha na zinatengenezwa na viwanda vingi."

Pima hivi, uliza haya

Kiuno hupimwa mtu akiwa amesimama, nguo imepandishwa. Tafuta kwa vidole mwisho wa ubavu wa chini na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Zungusha futi kamba katikati ya hapo, isibane wala kulegea, na isomwe mtu anapomaliza kutoa pumzi ya kawaida bila kubonyeza tumbo. Kwa vigezo ambavyo IDF inavitumia kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, hatari huanza sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza mambo matano kila anapohudhuria: Sukari yangu ya wastani wa miezi mitatu, HbA1c, ni ngapi? Presha yangu? Lehemu yangu imepimwa lini? Figo zangu? Kiuno changu kimebadilika? Mwenye miaka 40 na zaidi aulize pia kama anastahili statini.

Kwa mwenye kilo 90, kupungua kilo tano hadi tisa tayari kunashusha sukari, presha na mchochota. Dakika 150 za kutembea kwa kasi kwa wiki zinaanzia kituo kimoja cha daladala kabla ya nyumbani. Anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho asipunguze chakula ghafla bila kuongea na daktari, sukari isije ikaporomoka. Na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani haziwezi kuchukua nafasi ya dawa yoyote iliyoandikwa kwenye kadi.

Mzigo huu hauwezi kubebwa na mgonjwa peke yake. Mwenye duka la soda hamlazimishi mtu kununua, lakini soda inapokuwa rahisi kupatikana kuliko maji salama, hiari hiyo ni ndogo. Wizara za afya zinaweza kuagiza kesho kwamba kila kadi ya kliniki ya kisukari iwe na safu tano zinazojazwa: kiuno, presha, sukari, lehemu na figo. Zinaweza kuhakikisha metformin, dawa za presha na statini hazikosekani kwenye vituo vya afya vya kata, si hospitali za rufaa tu.

Hatua hizo hazihitaji kusubiri bei ya sindano ishuke. Wagonjwa wa Denmark waliongezewa karibu miaka minane ya kuishi kwa dawa za kawaida na ufuatiliaji usiochoka. Kliniki itakayoendelea kumpongeza mgonjwa kwa sukari ya 6.8 huku presha, lehemu na kiuno chake havijulikani inamrudisha nyumbani na hatari ileile aliyokuja nayo.